Jenerali mwenye kufata majani: Merian Cooper, chakula, kamera, na sisi



Kuko filimu moja ya mwaka wa 1925 ambayo kila mutu aliyesoma agronomi anapashwa kuiona hata mara moja. Jina lake ni Grass, ni kusema Majani. Haina sauti, haina rangi, haina kijana na binti wanaopendana. Kwa zaidi ya saa moja unaangalia watu na mifugo yao wanatembea kutafuta malisho, basi. Shujaa wa filimu ni jani.

Kati ya watu watatu walioitengeneza, mwenye kuisukuma sana alikuwa Merian Cooper, Mumarekani, ofisa na rubani wa ndege za vita. Mbele ya filimu alikuwa anagawa chakula kwa wenye njaa. Nyuma ya filimu alitengeneza King Kong, akarudi jeshini, akafika mpaka cheo cha jenerali. Maisha yake ninayachukua leo kama vile tunavyochukua udongo wa shamba kwa kuupima: si kwa kuusifu, si kwa kuutukana, ni kwa kujua ndani yake muko nini na utaotesha nini. Juu sisi wa Kivu tumeshikwa na vitu vitatu: askari, musaada, na kamera. Vinapita mbele ya mulango yetu kila siku, na mara nyingi vinapita pamoja katika motokari moja.

Cooper alizaliwa 1893 huko Jacksonville, Florida. Aliingia shule kubwa ya wanamaji ya Annapolis lakini hakuimaliza. Vita ya kwanza ya dunia ilimufikisha Ufaransa kama rubani wa ndege ya kutupa mabomu. Mwezi wa 9 mwaka wa 1918 ndege yake ilipigwa, ikashika moto, mikono yake ikaungua, akaanguka katika mikono ya Wajerumani. Vita ilipoisha hakurudi kwao. Aliingia katika American Relief Administration, shirika la kugawa chakula lililoongozwa na Herbert Hoover, ambalo Bunge la Marekani lilikuwa limelipatia dola milioni 100. Mwanzo wa 1919 akatumwa Lwów, mji ambao siku izi unaitwa Lviv na uko Ukraine. Wakati ule Wapolandi na Waukraine walikuwa wanaupigania, na watu wa mji walikuwa na njaa.

Hoover huyo si mugeni kwetu kama vile tunafikiri. Njo yeye aliyesimamia chakula cha Wabeljiki tangu 1914, wakati nchi yao ilikuwa chini ya Wajerumani. Kumbukeni kidogo ile miaka. Wakati Ubeljiji inapokea meli za ngano, wababu wetu walikuwa wanabeba masanduku ya Force Publique juu ya kichwa mpaka Tabora, mji ule ulioanguka mwezi wa 9 mwaka wa 1916. Wengi hawakurudi. Kwa njaa yao hakukuwa meli. Sisemi hivi kwa kulaumu mutu aliyelisha mutoto wa Brussels. Mutoto ni mutoto. Ninasema tu kwamba tangu mwanzo musaada uko na macho, na macho yanachagua pa kuangalia.

Turudi Lwów. Cooper aliona njaa, akagawa chakula, kisha akaamua kwamba chakula haitoshi. Mbele mwaka ule wa 1919 haujaisha, yeye na Mumarekani mwenzake Cedric Fauntleroy walikuwa wamekusanya marubani Wamarekani wa kujitolea ndani ya jeshi la Poland, kupigana na Warusi wa Lenin. Kikosi chao kilipewa jina la Kościuszko, Mupolandi aliyesaidia Wamarekani kupata uhuru wao. Cooper alikuwa anaona kama deni ya familia: babu yake mmoja alikuwa amepigana upande mmoja na Mupolandi mwingine, Pułaski, huko Savannah mwaka wa 1779.

Ni hadithi nzuri ya kulipa deni. Lakini mutu wa Kivu akiisoma, kuko kitu kinamukwaruza. Mukono uliogawa ngano mwanzo wa mwaka, mwisho wa mwaka umeshika bunduki ya ndege, na ni mukono mmoja. Mama aliyepokea ngano ile angejuaje kama anapokea chakula ao anapokea upande? Hii si swali ya zamani. Katika vijiji vyetu, wakati motokari ya musaada inafika, wazee wanauliza kwanza: "Hawa ni ba nani?" Hawaulizi wanaleta nini. Watu wengine wanaona ni utovu wa shukrani. Hapana. Ni akili ya mutu aliyekwisha kuona chakula kikifuatwa na askari, na askari wakifuatwa na chakula. Cooper hakuona hapo shida yoyote, na njo tatizo langu la kwanza naye. Kwake, kuhurumia watu na kuchagua upande vilikuwa kitu kimoja.

Mwezi wa 7 mwaka wa 1920 ndege yake ikaanguka tena, upande wa Warusi. Kama wangejua ni ofisa, angeweza kuuawa. Lakini alikuwa amevaa nguo za ndani za musaada, zilizotoka Msalaba Mwekundu, zenye jina la mutu mwingine: Frank Mosher. Akasema yeye ni huyo Mosher, kaporali tu. Nguo ya musaada ikamuokoa. Alikaa kifungoni karibu miezi tisa, na huko Moscow kuko mwanamuke Mumarekani, Marguerite Harrison, mwandishi wa habari na mupelelezi pia, aliyekuwa anamutumia chakula. Mugawaji wa chakula akawa mungoja-chakula. Mwaka wa 1921 akatoroka na wenzake wawili, wakatembea mpaka Latvia. Poland ikamupa medali yake kubwa ya vita, Virtuti Militari.

Ninakaa juu ya hii hadithi ya nguo juu inanipa kumuheshimu. Cooper hakuwa mutu wa ofisi. Aliungua, alifungwa, alishinda na njaa, alikula mukate wa kupewa. Kama kuko mutu aliyepashwa kujua vile inasikika kuwa upande ule wa kupokea, ni yeye. Sasa tuone alifanya nini na ile elimu wakati alichukua kamera.

Mwaka wa 1924, Cooper, Marguerite Harrison yule yule, na mupiga-kamera Ernest Schoedsack, aliyekuwa pia amefanya kazi ya musaada huko Poland, wakaenda Uajemi, nchi tunayoita leo Iran. Harrison alitoa dola 5000, Cooper akakopa kwa familia yake. Walienda kufata Wabakhtiari, wafugaji ambao kila mwaka wanahama na mifugo yao. Filimu inasema walikuwa watu 50 000 na wanyama nusu milioni. Muto Karun hauna daraja pale wanapovukia. Wanaume wanapuliza ngozi za mbuzi mpaka zinakuwa kama mapira, wanazifunga pamoja, wanatandika juu yake matawi, na juu ya matawi wanapandisha wamama, watoto, kuku na ndama. Wanyama wakubwa wanaogelea, vijana wanaogelea kando yao wakilalia ngozi moja moja. Muto unavuta. Wanyama wengine wanakufa maji. Kisha kuko mulima Zard Kuh, wenye kilele kinachopita mita 4000. Wanaume wanavua viatu, wanaingia ndani ya teluji miguu mitupu, wanachimba njia ya kwenda kona-kona, na nyuma yao taifa lote linapanda kama siafu.

Kama mutu wa agronomi, ninasema hivi: sijaona filimu nyingine inayoonyesha somo la malisho vizuri namna ile. Juu ya nini watu wanaingia ndani ya taabu yote ile? Si juu wanapenda kutembea. Upande wa uwanda wa chini, mvua inanyesha wakati wa baridi, majani yanaota, na kufika mwezi wa 5 jua limeyakausha. Jani likizeeka, protini inashuka, kamba inakuwa ngumu, na kondoo mwenye kunyonyesha anakonda hata kama tumbo limejaa. Lakini mulimani teluji inayeyuka pole pole, kutoka chini kwenda juu. Kila mita 100 unapopanda, joto linapungua zaidi kidogo ya nusu digri, na majani yanachelewa kukomaa. Mwenye kupanda mulima na mifugo yake anafata majani machanga, siku kwa siku. Hawa watu hawakimbii kitu. Wanasoma kalenda iliyoandikwa juu ya mulima. Katika auditoire tulijifunza mambo haya kwa ubao na chaki. Schoedsack aliyaandika kwa miguu ya wanyama.

Tena filimu haikutengenezwa kutoka dirisha la motokari. Walitembea na watu zaidi ya siku 40, wakalala nje nao. Ile kazi inaonekana ndani ya picha. Hauoni Mubakhtiari anayenyoosha mukono kuomba. Unaona watu wanaojua kazi yao kuliko yule anayewaangalia. Kwa mwaka wa 1925 hiyo ni heshima kubwa, na mafilimu mengi ya musaada ya leo hayajaifikia.

Lakini sasa tusome yale maandishi ya katikati ya picha. Yaliandikwa New York na mutu anayeitwa Terry Ramsaye, ambaye hakutembea ile safari. Yanafanya vichekesho. Yanasema wale ni watu waliosahauliwa, ni kama mutu amerudi nyuma miaka elfu kwa kuwakuta. Waliosahauliwa na nani? Mwaka wa 1908, miaka 16 mbele ya kamera kufika, Waingereza walikuwa wamepata mafuta ya petroli pale Masjed Soleyman, katika malisho ya wakati wa baridi ya Wabakhtiari wenyewe. Tangu 1905 wakubwa wa Wabakhtiari walikuwa wameweka mukono juu ya mapatano na wenye kutafuta mafuta. London ilikuwa inawajua vizuri sana. Meli za vita za Uingereza zilikuwa zinatembea kwa mafuta yaliyotoka chini ya majani yale! Filimu inayoitwa Majani inaangalia majani, inasahau kilicho chini yake. Sisi watu wa nchi yenye koltani na dhahabu tunajua ile namna ya kusahau. Mara ngapi tumeona filimu juu ya Kivu yenye ukungu wa asubuhi, mulima na mama mwenye kubeba kuni, na hakuna hata dakika moja juu ya mutu anayenunua jiwe?

Kuko kingine filimu haiulizi: majani yale ni ya nani, na nani anaamua njia ipite wapi? Wakati Cooper anapiga picha, Reza Khan alikuwa anakamata utawala Tehran. Mwaka wa 1925 akawa mufalme, na katika miaka ya 1930 akalazimisha wafugaji kukaa pahali pamoja. Mifugo mingi sana ikakufa. Ukiangalia filimu hauwezi kujua kwamba ile njia iko karibu kufungwa. Unaonyeshwa vita kati ya mutu na asili: muto, teluji, mulima. Ni vita safi, haina mwenye kosa. Lakini mwenye kuvunja wafugaji hakuwa mulima. Ilikuwa serikali.

Hapa kwetu, tukitoka Uvira kwenye mita 800 kupanda mpaka kwenye milima ya juu, tuko na kalenda kama ile. Wakati wa kiangazi mwenye ngombe anatafuta majani, na mwenye muhogo anachunga shamba lake. Ngombe moja ikiingia katika shamba la mutu, inaweza kuanza maneno ambayo yataishia kwa bunduki. Ukipiga filimu ya ngombe wakitembea, bila kuuliza njia yao inapita wapi na nani aliyewahi kuiweka kwenye karatasi, umepiga picha nzuri lakini haujasema kitu. Na mwenye kukosa kusema kitu hapa anaachia nafasi wenye kusema bongo.

Mwisho wa filimu ya Cooper unanishangaza kila mara. Taifa limefika bondeni, majani ni mengi, mifugo inakula. Ungefikiri tutaona maziwa, ao tutasikia ni wanyama wangapi walipotea. Hapana. Wanatuonyesha karatasi. Karatasi yenye sahihi, inayoshuhudia kwamba Cooper, Schoedsack na Harrison njo wageni wa kwanza kupita njia ile. Watu 50 000 wamevuka muto na mulima, na ripoti ya mwisho inahusu watatu. Wale waliochimba njia ndani ya teluji miguu mitupu, ukitoa mukubwa wao Haidar Khan na mutoto wake, hatujui hata jina moja.

Wenzangu mulio katika maprojeti, ile karatasi hamuitambui? Ni ile ripoti ya mwisho yenu. Ni ile picha ya kufunga, na bango nyuma.

Nilifanya kazi ya kuhesabu mavuno katika projeti moja ya maharagi, jina lake ninaliacha. Siku moja mutu wa mawasiliano alikuja kutoka mujini na kamera kubwa kwa kupiga filimu ya dakika tatu. Alichagua mama mukubwa mmoja, mujane, mukulima hodari, aliyekuwa anatunza aina sita za maharagi na kuzitenganisha kwa macho kuliko sisi na vitabu vyetu. Akamuomba abadilishe kikwembe, avae ya zamani, juu ile mupya ilikuwa "haionyeshi hali." Mama akamuangalia, akamujibu kwa sauti ya chini: "Mutoto wangu, hiki kikwembe nilikinunua na maharagi. Hujakuja kuangalia maharagi?" Watu wakacheka. Yule wa kamera naye akacheka, kisha akapiga mama mwingine. Filimu ikaonyeshwa kwa wafazili. Aina sita za maharagi hazikuingia ndani.

Sitaki mutu aniambie: "Lakini bila ile filimu, feza haiji." Ninajua. Ninajua pia bwaki ni nini. Mutoto wa bwaki, mwenye miguu ya kuvimba na nywele nyekundu, hangojei tumalize mabishano yetu juu ya picha. Feza ilete, mutoto ale. Lakini tuangalie bei. Kila mara tunapotoa mama kikwembe chake kipya kwa kumupatia cha zamani, tunafundisha mufazili kwamba mukulima wa hapa hana kitu anachojua. Na mutu asiyejua kitu, utamuletea tu, hautamuuliza. Mwaka unaofuata mbegu inakuja bila kuulizwa, aina isiyotaka udongo wetu, na mavuno yanashuka. Mwenye kulipa ile filimu ni shamba.

Cooper hakuishia pale. Mwaka wa 1933, pamoja na Schoedsack, alitoa King Kong. Wengi wetu tunajua nyani yule mukubwa bila kujua mwenye kumuzaa. Cooper alikuwa amependa masokwe tangu utoto, juu ya kitabu cha musafiri Paul du Chaillu kilichoeleza Afrika ya kati. Sisi tuko majirani wa sokwe wa kweli: Virunga, Kahuzi-Biega. Mwenyewe anakula majani, vikonyo na mianzi michanga. Yule wa filimu anakamata mwanamuke na kuvunja magari ya moshi. Na watu wa kile kisiwa cha filimu, wenye kuchezwa na watu weusi wa Marekani, wanapewa ngoma, manyoya na woga. Tukubali tu: kile kipande kinanuka. Mwaka wa 1924 Cooper aliwatembelea watu kwao, akawaonyesha katika kazi yao. Miaka tisa baadaye, akiwa ndani ya studio na bila kulala nje na mutu yeyote, aliweka watu weusi pale ambapo kila mutu alikuwa anawaweka. Hapa kuko somo kwa kila mutu wa kamera: heshima yake haikukaa moyoni kama mali ya kudumu. Ilikuwa inatoka kwa kutembea na watu. Alipoacha kutembea nao, ikaisha.

Lakini King Kong iko pia na ukweli mumoja ambao filimu ya majani haikuthubutu kusema. Mwenye kuleta balaa ndani yake ni mutengeneza-filimu. Anaitwa Carl Denham, na Cooper alimuchonga kwa sura yake mwenyewe. Denham anaenda mbali, anakamata kiumbe, anakifunga minyororo, anakileta New York kwa kuuza tiketi. Kiumbe kinavunja minyororo, na mwishowe ndege za vita zinakuja kukipiga juu ya jumba refu. Sasa angalieni ndani ya ile ndege: rubani ni Cooper mwenyewe, na mwenye bunduki ni Schoedsack. Waliingia kucheza kile kipande wao wawili. Ofisa, mutengeneza-filimu, na mwenye kuua, wote mutu mmoja, mbele ya dunia nzima. Labda kwao ilikuwa muchezo tu. Mimi ninaona kipande kile njo pahali pekee ambapo Cooper alisema wazi kamera inaweza kufanyia nini kile inachokipenda.

Kisha vita ya pili ilikuja. Akarudi jeshini, akawa koloneli, akatumika China na jenerali Chennault. Mwaka wa 1950 akapewa cheo cha jenerali wa brigedi. Pamoja na John Ford walitengeneza mafilimu makubwa ya Wamarekani wa farasi. Akapewa Oscar ya heshima, na akakufa 1973. Maisha yaliyojaa. Sijui wangapi kati yetu tungekuwa na roho yake.

Lakini kwa kupima vizuri unahitaji udongo wa pili, wa kulinganisha. Ninautoa karibu. Mwaka wa 2017, Dieudo Hamadi, mutoto wa Kisangani, alitoa Maman Colonelle. Ni filimu juu ya koloneli Honorine Munyole, ofisa wa polisi, mwenye kazi ya kulinda wamama na watoto. Anatoka Bukavu, anatumwa Kisangani. Kule anakutana na watu waliobaki na vidonda tangu vita ya siku sita ya mwezi wa 6 mwaka wa 2000, wakati jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigania mji ambao haukuwa wao. Anakutana pia na watoto wanaoteswa juu wanaitwa walozi. Hana feza. Hana meli ya ngano ya Hoover. Anatafuta pahali pa kuwalaza, na anaomba watu wa mji wenyewe watoe kidogo kidogo.

Wekeni maofisa hawa wawili kando kando. Mumoja anatoka mbali, anagawa vingi, anaenda. Mwingine anatoka Bukavu, anagawa kidogo, anabaki na wale aliowasaidia na matatizo yao, nao wanamufokea, wanamubishia, wanasema hawakubali. Njo kitu ninachopenda zaidi katika filimu ya Hamadi: wenye kusaidiwa wanasema. Wako na majina, wanakasirika, hata kati yao wanagombana juu ya nani aliteswa zaidi. Haipendezi macho kama teluji ya Zard Kuh. Lakini ukimaliza kuangalia, unajua nani anadai nini na kwa nani. Na Hamadi aliendelea nao: filimu yake nyingine, En route pour le milliard, ya mwaka wa 2020, inafata wale walemavu wa vita wakishuka muto Kongo mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Nao ni taifa linalosafiri kwa taabu, juu ya muto. Tofauti ni kwamba wanajua wanakwenda kumuuliza nani.

Basi hukumu yangu ni hii. Cooper alikuwa na miguu mizuri na macho mazuri. Alikosa masikio. Njaa ya Lwów na kifungo cha Moscow vilimufundisha kuvumilia, havikumufundisha kuuliza. Grass ni filimu kubwa pale inapokaa kimya na kuangalia kazi. Inaanguka kila mara inapofungua mudomo kwa niaba ya wengine. Iangalieni kwa sababu zote mbili. Muione ngozi ya mbuzi inavyobeba mutoto juu ya maji, na mujiulize yule mutoto alikuwa anaitwa nani.

Na wewe mwenzangu mwenye lisansi mupya, utakayetumwa kesho kijijini na simu ya projeti kwa kuleta picha: mbele ya kuinua simu, kaa chini, uliza mama maharagi yake yanaitwaje. Andika majina yote sita. Kikwembe chake umuachie.